Bomba la moshi lililovuka mpaka: Kaaden, Degner na siri ya mota ndogo

Katika garaji za Goma, Bukavu au Uvira, swali hili halikosi. Kijana analeta pikipiki au gari, anataka nguvu zaidi, na kitu cha kwanza anachoomba ni kubadilishiwa bomba la moshi, lile ambalo mafundi wengi huita tuyo. Anataka tuyo pana. Fundi mwenye miaka mingi kazini anamtazama, anatikisa kichwa na kumuuliza: unataka kelele au unataka nguvu? Maana mara nyingi chombo kilichowekewa tuyo pana kinanguruma kama simba barabarani, lakini kikifika kwenye mlima na abiria wawili nyuma, kinachoka kuliko zamani.

Kipimo cha tuyo ya moshi, yaani urefu wake na upana wake, si jambo la kukisia. Lina historia yake. Na historia hiyo haikuanza na matajiri wenye viwanda vikubwa. Sehemu yake muhimu kuliko zote ilitokea katika mji mdogo wa Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, ndani ya karakana masikini, na ikavuka mpaka mwaka wa 1961 pamoja na mtu aliyekimbia nchi yake na familia iliyofichwa ndani ya buti ya gari.

Zschopau ulikuwa mji wa pikipiki tangu zamani. Hapo ndipo Mdenmark mmoja, Jørgen Skafte Rasmussen, alipoanzisha kiwanda cha DKW. Kabla ya vita kuu ya pili, DKW walitengeneza pikipiki kwa wingi, karibu zote zikiwa na mota ya mipigo miwili: mota isiyo na valvu juu, inayochanganya oili na petroli, inayotoa moshi wa buluu. Pikipiki yao ndogo ya RT 125, iliyotoka mwaka wa 1939, ilikuwa nzuri kiasi kwamba baada ya vita washindi waliinakili kila upande. Waingereza waliitengeneza kwa jina la BSA Bantam, Wamarekani wa Harley-Davidson wakatoa yao, Wasovieti wakaiita Moskva, na huko Japani kampuni ya Yamaha ilipoanza kuuza pikipiki mwaka wa 1955, ya kwanza kabisa ilikuwa mtoto wa RT 125.

Vita vilipokwisha, Ujerumani ikakatwa vipande. Zschopau ikabaki upande wa Wasovieti. Wakubwa wengine wa kampuni walihamia magharibi na kuianza DKW upya mjini Ingolstadt. Kiwanda cha zamani kikawa mali ya serikali ya Ujerumani ya Mashariki, na baadaye kikajulikana kwa herufi mbili: MZ.

Walter Kaaden alizaliwa mwaka wa 1919 katika kijiji cha Pobershau, karibu na hapo. Baba yake alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa DKW, kwa hiyo mtoto alikua akisikia harufu ya petroli. Alipokuwa bado mtoto alipelekwa kuona ufunguzi wa uwanja wa mbio wa Nürburgring, mwaka wa 1927. Alisoma ufundi mjini Chemnitz. Kisha vita vikamchukua kama vilivyowachukua wengine. Tangu 1940 alifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Henschel, kwenye kikundi kilichotengeneza Hs 293, bomu lenye mabawa lililoongozwa kwa redio kutoka ndani ya ndege. Silaha hiyo ilizamisha meli na watu wake, na jambo hilo halipaswi kufichwa anaposifiwa kwa ufundi wake. Vita vilipokwisha Wamarekani walimshika kwa muda. Alipoachiliwa alirudi nyumbani na kufungua biashara ya mbao, akitengeneza mapaa ya nyumba zilizobomolewa. Yeyote aliyerudi kijijini baada ya mapigano anaweza kujua ni kazi gani inayotafutwa kwanza.

Usiku, baada ya mbao, alikuwa akitengeneza pikipiki yake mwenyewe ya mashindano kutoka kwa ile RT 125. Wakubwa wa kiwanda waliona. Mwaka wa 1953 walimwita aongoze idara ya mbio.

Ili kufahamu alichokuta, ni lazima kujua udhaifu wa mota ya mipigo miwili. Katika mota ya mipigo minne, kama ile ya pikipiki nyingi zinazobeba abiria mjini leo, moshi unatoka kwa zamu yake na hewa mpya inaingia kwa zamu yake. Valvu zinafunguka na kufunga kama mlinzi mlangoni. Katika mota ya mipigo miwili hakuna mlinzi. Pistoni yenyewe inaposhuka inafunua kilango cha moshi kwenye ukuta wa silinda, halafu vilango vya mchanganyiko mpya. Kwa muda mfupi vyote viko wazi pamoja. Moshi unatoka, petroli mpya inaingia, na sehemu ya petroli hiyo inapita moja kwa moja na kutokea nje kabla ya kuungua. Ni kama kujaza ndoo yenye tundu.

Kabla ya vita DKW walitumia pampu ya kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya mota za mbio. Mwaka wa 1946 shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, likapiga marufuku pampu hizo. Baada ya hapo mota ya mipigo miwili ilidharauliwa. Ilionekana ni chombo cha kwenda sokoni, wakati mataji yote yalichukuliwa na mota za mipigo minne.

Kaaden hakuwa na pampu. Alikuwa na bomba la moshi tu.

Kilango cha moshi kinapofunguka, si gesi peke yake inayotoka. Kwanza inatoka kishindo, wimbi la mgandamizo linalokimbia ndani ya tuyo, mbele ya gesi yenyewe. Ndani ya moshi wa moto wimbi hilo hukimbia takribani mita 500 kwa sekunde. Mtu akipiga kelele akitazama mlima, sauti inamrudia. Wimbi ndani ya tuyo nalo hurudi, lakini namna linavyorudi inategemea linakutana na nini. Likikuta mahali ambapo tuyo inapanuka, linarudisha mwangwi wa kinyume, yaani mvuto, kama mtu anayenyonya kwa mrija. Likikuta mahali ambapo tuyo inabanwa, linarudisha msukumo.

Kwa hiyo Kaaden alitengeneza tuyo yenye tumbo. Kutoka kwenye silinda inaanza nyembamba, kisha inapanuka taratibu kama tarumbeta, halafu inabanwa tena na kumalizikia katika kijibomba kidogo. Sehemu inayopanuka inarudisha mvuto: moshi wa zamani unanyonywa nje na mchanganyiko mpya unavutwa ndani, hata kupita kiasi, mpaka baadhi yake unaingia kwenye tuyo. Halafu, kabla kilango hakijafungwa, msukumo kutoka sehemu iliyobanwa unafika na kuirudisha ndani ya silinda ile petroli iliyokuwa inatoroka. Tundu la ndoo linazibwa na wimbi. Pampu iliyokatazwa ilikuwa imerudi, safari hii bila gia wala mkanda, kwa umbo la bati tu.

Ni haki kusema kwamba hakuwa wa kwanza kuona jambo hilo. Erich Wolf, fundi wa DKW ya magharibi, alikuwa amekwisha kulijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba Kaaden alilipima. Alichukua kifaa cha kuonyesha mawimbi kwenye kioo, aina ya kifaa anachokijua mtu aliyefanya kazi na redio na makombora, akatazama mishindo ndani ya tuyo ikienda na kurudi. Wengine walikuwa wakijaribu kwa sikio.

Na hapa ndipo penye swali la kijana wa garaji. Kipimo gani? Chukua mota inayozunguka mara 10,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 6 za elfu moja. Kilango cha moshi kiko wazi karibu nusu ya mzunguko, yaani sekunde 3 za elfu moja. Katika muda huo wimbi lenye mwendo wa mita 500 kwa sekunde linasafiri mita 1 na nusu, kwenda na kurudi. Basi ukuta wa kurudisha wimbi unapaswa kuwa karibu sentimita 75 kutoka kwenye pistoni. Mota ikizunguka mara 5,000 tu, tuyo hiyo hiyo inarudisha wimbi mapema mno, na msukumo unaingia wakati mbaya, ukizuia moshi usitoke. Tuyo iliyofaa mwendo huo ingehitaji kuwa ndefu maradufu.

Ndiyo maana hakuna tuyo nzuri kwa kila kazi. Ndefu inatoa nguvu chini, kwenye mlima na mzigo. Fupi inatoa nguvu juu, kwenye tambarare na mwendo wa kasi. Upana nao una amri yake: ikiwa nyembamba mno gesi inasongwa, ikiwa pana mno kishindo kinapoa na kutawanyika, na wimbi linarudi dhaifu kama mtu aliyechoka safari. Kaaden na watu wake walikata bati, wakalikunja koni baada ya koni, wakachomelea, wakapima nguvu ya mota, wakakata tena. Kila senti ya fedha za kigeni ilikuwa ya kuombwa. Plagi nzuri na cheni nzuri zilitoka magharibi na kupatikana kwake kulikuwa kwa shida.

Tuyo haikuwa peke yake. Kutoka kwa fundi Daniel Zimmermann, mtu wa Ujerumani ya Mashariki pia, Kaaden alichukua wazo la sahani nyembamba inayozunguka na kufungua njia ya kuingizia petroli kwa wakati wake. Mwaka wa 1957 aliongeza kilango cha tatu cha kuingizia mchanganyiko. Mambo hayo matatu yalisaidiana kama mafiga. Mwaka wa 1954 mota yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 13. Mwaka wa 1961 ilitoa 25, ikizunguka karibu mara 10,800 kwa dakika. Ni sawa na nguvu 200 kwa kila lita, kiwango ambacho hakuna mota isiyo na pampu ya hewa iliyokuwa imekifikia kabla yake. Kwa kulinganisha, pikipiki ya Boxer 150 inayopanda milima ya Kivu leo na abiria na magunia ina nguvu kama 12 hivi, na mota yake ni kubwa zaidi.

Gharama yake ilikuwa moja: mota hiyo ilikuwa na nguvu katika sehemu nyembamba tu ya mwendo. Chini ya hapo ilikuwa kama imelala. Dereva alilazimika kubadili gia bila kupumzika, na mkono wake wa kushoto haukuondoka kwenye klachi, maana mota hiyo ilikuwa na tabia ya kukamata ghafula, pistoni ikashikana na silinda, gurudumu la nyuma likafunga.

Dereva bora wa MZ alikuwa Ernst Degner. Alizaliwa mwaka wa 1931 Gleiwitz, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo na leo unaitwa Gliwice, nchini Poland. Mwaka wa 1945, jeshi la Wasovieti liliposonga mbele, familia yake ilikuwa miongoni mwa wengi waliokimbia kuelekea magharibi. Alikuwa kijana wa miaka 13. Baadaye alisomea ufundi, kwa hiyo hakuwa dereva tu. Alijua kila kilichomo ndani ya mota aliyoikalia.

Degner alishinda Italia mwaka wa 1959, na Ubelgiji mwaka wa 1960. Alisafiri nje, akaona jinsi wenzake wa magharibi walivyoishi kwa mbio hizo hizo. Yeye, hata akiwashinda, alirudi kwenye mshahara wa serikali. Wakati huo huo Suzuki ya Japani ilikuwa katika aibu. Ilileta pikipiki za mipigo miwili katika kisiwa cha Man mwaka wa 1960 na tena 1961, zikaachwa mbali, huku jirani zao Honda, wenye mipigo minne, wakichukua ushindi. Timu ya Suzuki na timu ya MZ zilikuwa zikilala katika hoteli moja kisiwani. Wajapani walimtazama Kaaden akifanya kazi, lakini kutazama tuyo kutoka nje hakukutoshi. Mazungumzo na Degner yakaanza kwa siri.

Yeye alikuwa na sharti moja lisilopungua: mke wake na watoto wake wawili watoke kwanza. Serikali ilijua vizuri kwa nini dereva anaruhusiwa kwenda nje na familia inabaki. Familia ndiyo iliyokuwa dhamana.

Halafu, usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, serikali ya Ujerumani ya Mashariki ikafunga mpaka wa Berlin. Njia ambayo maelfu ya watu walikuwa wameipita kwa miguu na kwa treni ikazibwa kwa waya, kisha kwa ukuta. Mpango wa zamani ukafa.

Mashindano ya Sweden yalipangwa tarehe 17 Septemba mjini Kristianstad. Degner alikuwa amekwisha kushinda mwaka huo Ujerumani zote mbili, magharibi na mashariki, na Italia, na aliongoza mbio za ubingwa wa dunia wa daraja la 125. Kama angeshinda Sweden, taji lingekuwa lake na la MZ, taji la kwanza la dunia kwa mota ya mipigo miwili. Mwisho wa juma hilo hilo, mke na watoto walivushwa mpaka wakiwa wamefichwa katika buti ya gari. Watoto walipewa dawa ya usingizi ili wasilie kwenye kizuizi. Wazazi waliowahi kupita kizuizi usiku na mtoto mgongoni hawahitaji kuelezwa dakika hizo zilikuwa na urefu gani.

Huko Sweden, Degner alianza kwa kasi akiongoza. Kisha mota ikafa. Aliiacha pikipiki, na siku hiyo hakurudi tena kwa timu. Alipita Denmark na kuingia Ujerumani ya Magharibi, ambako familia ilikuwa inamsubiri.

Serikali yake ilimwita msaliti na kumshtaki kwamba aliiua mota kwa makusudi. Ukweli wa dai hilo umejadiliwa na wapenzi wa pikipiki mpaka leo. Mota za Kaaden zilikuwa na sifa ya kukamata zenyewe. Tena mtu aliyetaka taji alikuwa na sababu ya kumaliza mbio kwanza na kukimbia jioni. Lakini pia mtu ambaye familia yake iko ndani ya buti ya gari ana mawazo mengine kuliko taji. Mashindano ya mwisho yalikuwa Argentina, na Degner hakuweza kushiriki. Ubingwa ukaenda kwa Tom Phillis wa Honda.

Mwezi wa Novemba Degner alikuwa Hamamatsu, Japani, ndani ya karakana ya Suzuki. Alichobeba kilichokuwa na thamani kuliko vyote kilikuwa kichwani: kilango kikae wapi, koni ianzie sentimita ngapi, ibanwe kwa pembe gani. Vipimo. Kwa mtazamaji tuyo ni bati lililokunjwa. Kwa aliyejua, ilikuwa miaka 8 ya kukata na kuchomelea ya mtu mwingine.

Mwaka uliofuata, 1962, Degner alishinda mbio za daraja la 50 katika kisiwa cha Man akiwa na Suzuki, na mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia wa daraja hilo. Lilikuwa taji la kwanza la dunia kwa Suzuki, na la kwanza kwa mota yoyote ya mipigo miwili. Mwaka wa 1963 Hugh Anderson, mtu wa New Zealand, akaichukulia Suzuki taji la 125. Mwaka wa 1964 Phil Read akashinda daraja la 250 na mipigo miwili ya Yamaha. Honda walijibu kwa kutengeneza mota za ajabu, hata moja ya 125 yenye silinda 5, kila silinda kama kikombe cha kahawa. Haikuzuia mkondo. Mwaka wa 1975 Giacomo Agostini alishinda daraja kubwa la 500 na Yamaha ya mipigo miwili, na tangu hapo mpaka 2001 hakuna mota ya mipigo minne iliyochukua taji la 500.

Kaaden alibaki Zschopau. Ni rahisi kumsifu Degner kwa ushujaa au kumlaani kwa wizi. Wote wawili, msifu na mlaani, humsahau mtu aliyeachwa. Alipoteza dereva wake, alipoteza taji, na alipoteza siri yake kwa tajiri mwenye pesa mara nyingi kuliko kiwanda chake. Madereva wa nchi yake walinyimwa viza au vibali, kwa hiyo MZ ikalazimika kuwaazima watu wa nje. Mike Hailwood aliikalia MZ na kushinda Ujerumani ya Mashariki daraja la 250 mwaka wa 1963, mbele ya umati wa nyumbani. Alan Shepherd alishinda Marekani mwaka wa 1964, na Silvio Grassetti alishinda tena mwaka wa 1971. Kati ya 1955 na 1976 pikipiki za Kaaden zilipata ushindi 13 na kupanda jukwaa mara 105. Taji la dunia la dereva halikufika Zschopau hata mara moja.

Kuhusu magari, elimu hiyo ilipita kwa njia yake. Mota ya mipigo minne ina valvu, kwa hiyo haihitaji ule msukumo wa kurudisha petroli. Inachohitaji ni mvuto tu, kwa muda mfupi ambapo valvu ya moshi haijafungwa na ya hewa imeanza kufunguka. Ndiyo maana gari la mbio halina tuyo yenye tumbo. Lina tuyo moja kwa kila silinda, zenye urefu sawa, zinazokutana mbele. Ford GT40, gari lililoshinda Le Mans mwaka wa 1966, lilikuwa na tuyo zilizopishana juu ya mota kama fungu la nyoka, ili mishindo ya silinda za kulia na za kushoto ifike kwenye makutano kwa zamu na kusaidiana.

Lakini kanuni ya kuchagua ni ile ile ya Zschopau. Kwa mota za V8 za Kimarekani, mafundi huzoea tuyo ya karibu milimita 41 kwa gari la barabara, 44 mpaka 48 kwa la mashindano. Tofauti haifiki hata unene wa kidole kidogo. Aliyechukua ya 48 kwa gari la kwenda kazini amenunua nguvu ambayo ataikuta tu mahali ambapo sindano ya mwendo wa mota haifiki kamwe akiwa barabarani, na kulipia kwa udhaifu kila anapoondoka kwenye taa au anapoanza mlima. Fundi anayeuliza kwanza gari litafanya kazi gani, lina mzigo gani, mota inazunguka kiasi gani siku nyingi, anaanza mahali sahihi. Anayeanza na upana wa tuyo anaanzia mwisho.

Na huku nyumbani bado iko alama ya kazi ya Kaaden. Yamaha AG100, pikipiki ya mipigo miwili iliyobeba wauguzi na watu wa mashirika katika njia mbaya za Afrika kwa miaka mingi, ina tuyo yenye tumbo kwa sababu hiyo hiyo. Vipimo vyake vimechaguliwa kwa nguvu ya chini, ya matope na mzigo. Anayekata tumbo hilo na kuweka bomba lililonyooka kwa sababu linaonekana zuri ameondoa wimbi linaloziba ndoo. Atajua siku atakapolipa petroli.

Degner hakukaa vizuri na ushindi wake. Mwaka wa 1963 alianguka katika mbio za Japani kwenye uwanja wa Suzuka, tangi la petroli likashika moto, akaungua vibaya na kufanyiwa zaidi ya mara 50 upandikizaji wa ngozi. Alirudi mbioni na hata kushinda tena, lakini hakuwa mtu yule. Alifariki mwaka wa 1983 kisiwani Tenerife, Uhispania. Kaaden alifariki mwaka wa 1996, akiwa ameona ukuta ukianguka.

Uwanja wa Suzuka una kona mbili za kulia zinazoitwa Degner, kwa sababu alianguka hapo mwaka wa 1962, ulipofunguliwa. Magari ya Formula 1 hupita hapo yanapokimbia Japani, na watangazaji hulitaja jina lake kila mzunguko.